Kibanda cha chipsi: mtaji wa kwanza, hesabu ya siku na mkopo usiokukausha

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nina laki tatu, nifanye biashara gani?" "Nikope wapi bila dhamana?" "TIN ni lazima au nianze tu?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, tena kwa kutumia biashara moja ili hesabu zionekane wazi. Nimechagua kibanda cha chipsi kwa sababu hakuna mtaa wa mjini Tanzania usiokijua, mzunguko wake ni wa siku moja, na kosa likitokea unaliona jioni ile ile. Kama wewe unawaza matunda, uji au mitumba, badilisha bei na vifaa. Mpangilio wa kazi haubadiliki sana.

Msimamo wangu niuseme mapema: mtaji wa kwanza usiwe wa mkopo. Anza na chako hata kama ni kidogo, biashara ikuonyeshe kwa siku inaacha shilingi ngapi, ndipo ukope kwa kipimo hicho. Wengi tunafanya kinyume. Mtu anachukua mkopo Jumatatu, analipia fremu na kununua kabati, na rejesho la kwanza linamfikia kabla karai halijapata moto.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Bila hiyo hupati TIN, namba ya mlipakodi, na vikundi na taasisi za mikopo zitakurudisha mlangoni.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si la shemeji.
- Daftari mbili: moja ya mauzo na matumizi ya kila siku, nyingine ya madeni.
- Fedha ya vifaa, na pembeni yake fedha ya mzigo wa siku tatu. Hizi ni fedha mbili tofauti. Ukizimaliza zote kwenye vifaa utabaki na kabati zuri lisilo na viazi.
- Chakula cha nyumbani cha mwezi mzima kikiwa kimeshapangwa. Biashara changa haiwezi kulisha familia wiki ya kwanza, na ukiilazimisha mtaji utakata.
- Mtu mmoja wa kwako anayejua unafanya nini na anayekubali kukushikia kibanda ukiugua.

Bei zote nitakazotaja za viazi, mafuta na vifaa ni za mfano. Nenda sokoni kwako uandike za kwako.

Hatua ya 1: Lichunguze eneo kabla ya kulilipia

Usikodi mahali ulipopaona mchana tu. Chipsi huuzika jioni, kwa hiyo nenda saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, siku ya kazi na siku ya mwisho wa wiki, uhesabu watu wanaopita na wanaosimama kununua chochote. Kijiwe cha bodaboda, hosteli, kituo cha daladala na baa ni majirani wazuri. Kama karibu kuna kibanda kingine cha chipsi chenye foleni, usikimbie, hiyo ni dalili kwamba wateja wapo. Ogopa eneo ambalo wawili watatu wamefungua na kufunga.

Fremu nyingi mjini hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Wakati mwingine kuna kilemba, yaani fedha ya kumridhisha anayekuachia fremu. Kwa anayeanza, huo ni mtaji wote. Tafuta kibaraza mbele ya duka la mtu, au sehemu ya kibanda anayokuachia jioni anayeuza chai asubuhi, ulipe kwa mwezi. Muandikiane, hata kama ni karatasi ya daftari yenye sahihi mbili na shahidi.

Onyo: usijenge kibanda kwenye hifadhi ya barabara kwa sababu tu wengine wamejenga. Oktoba 2021 wafanyabiashara wengi walioko kando ya barabara Dar es Salaam waliondolewa na kupelekwa maeneo yaliyopangwa, na waliokuwa wametumia akiba zao kwenye mbao na mabati walipoteza. Muulize mtendaji wa mtaa au afisa biashara wa manispaa kwanza. Swali hilo halina gharama.

Hatua ya 2: Andika hesabu ya siku moja

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine popote. Chukua kalamu. Tuseme unapanga kuuza sahani 45 kwa siku: 30 za chipsi kavu kwa Sh 1,500 na 15 za chipsi mayai kwa Sh 3,000. Mauzo ni Sh 45,000 na Sh 45,000 nyingine, jumla Sh 90,000.

Sasa matumizi ya siku hiyo hiyo:

- Viazi ndoo moja na nusu: 25,000
- Mafuta lita 3: 15,000
- Mayai trei moja: 9,000
- Mkaa: 4,000
- Nyanya, vitunguu, pilipili, chumvi, vijiti na karatasi: 4,000
- Kijana wa kumenya na kuosha: 5,000
- Usafiri wa mzigo: 2,000

Jumla Sh 64,000. Imebaki 26,000, na hapa ndipo wengi husema "napata faida elfu ishirini na sita kwa siku". Hapana. Toa pango, maji, taa na taka, tuseme 4,500. Toa kodi ya serikali, 3,500; nitaieleza hatua inayofuata. Toa ujira wako wewe mwenyewe, 8,000, kwa sababu unasimama motoni na lazima ule. Kinachobaki ni Sh 10,000. Ukifanya kazi siku sita, ni Sh 60,000 kwa wiki. Hiyo ndiyo fedha ya biashara, ya kukuza mtaji, kutengeneza jiko likitoboka na, siku moja, kulipa rejesho.

Ujira wako usiuruke hata kama unaishi kwa wazazi. Asiyejilipa huchota kwenye droo bila kuandika, na anachochota daima ni zaidi ya 8,000.

Hesabu ikikuonyesha hasara kwenye karatasi, itakupa hasara kibandani. Badilisha ukubwa wa sahani, bei au eneo kabla hujatoa senti.

Hatua ya 3: Karatasi za serikali

TIN hutolewa na TRA, mamlaka ya mapato, bila malipo, na unaweza kuiomba mtandaoni kwa namba yako ya NIDA. Kama ulishachukua TIN kwa ajili ya leseni ya udereva, hiyo si ya biashara, nenda waibadilishe. Wapo vishoka nje ya ofisi wanaotoza hela kwa kazi hii. Huwahitaji.

Ukifika TRA utafanyiwa makadirio. Peleka hesabu yako ya hatua ya 2, usiseme namba ya kukisia. Na uelewe jambo moja linalowashangaza wengi: kwa mfanyabiashara mdogo kodi ya mapato hupigwa kwenye mauzo, haipigwi kwenye faida. Mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Lakini sahani zako 45 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni Sh 2,340,000, na kwa mwaka ni zaidi ya milioni 28. Kwa mauzo yanayozidi milioni 11 hadi milioni 100, kiwango kilichoanza Julai 2022 ni 3.5% ya mauzo. Ndiyo maana nimetoa 3,500 kila siku, juu kidogo ya 3.5% ya 90,000, ambayo ni 3,150. Iweke kwenye kopo lake au laini yake, maana hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukiila, Machi itakuja kama msiba. Kwa kiwango hicho cha mauzo unatakiwa pia kutoa risiti za EFD, zile za mashine ya kielektroniki, kwa hiyo ulizia mapema bei ya mashine na uiingize kwenye gharama zako.

Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Ukifanya biashara kwa jina lako halisi bila kuongeza kitu, si lazima uanze na hilo; ukitaka kuitwa "Mama Zuhura Chipsi Kona", sajili.

Leseni ya biashara ndogo kama hii hutolewa na halmashauri, na maombi hupita kwenye mfumo wa TAUSI. Andaa TIN, hati ya TRA ya kuthibitisha kwamba hudaiwi kodi, mkataba wa pango na NIDA. Kwa kuwa unauza chakula, mtembelee afisa afya wa kata. Atataka upime afya wewe na msaidizi wako, uwe na maji ya kunawa yanayotiririka, ndoo ya taka yenye kifuniko, aproni na kofia. Usimfungie mteja kwenye mfuko wa plastiki wa kubebea. Imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Hatua ya 4: Nunua vifaa vichache, vingine vya mtumba

Kabati la vioo, jiko, karai zito, kichujio, visu viwili vikali, ndoo tatu zenye mifuniko, meza na viti vinne. Vinatosha. Kabati na viti tafuta vilivyotumika, kwa wanaofunga biashara. Karai nunua jipya na zito, kwa sababu jembamba huunguza mafuta na mafuta ndiyo gharama yako ya pili kwa ukubwa. Friji, spika na bango la taa vitakuja biashara ikivinunua yenyewe.

Kuhusu viazi, vingi vinavyofika mijini hutoka Njombe, Mbeya na Iringa, na bei hupanda na kushuka kwa msimu. Wiki mbili za kwanza nunua kwa ndoo, usinunue gunia. Angalia ndoo haijabonyezwa kitako. Kataa viazi vyenye kijani, ni vichungu na vina sumu. Ukishamenya, loweka kwenye maji visiwe vyeusi, uvikaushe vizuri kabla ya kukaanga. Maji kwenye karai hurusha moto na kuharibu mafuta. Mafuta yakianza kutoa povu, moshi na harufu, yatoe. Mteja hakuambii, anahama tu.

Hatua ya 5: Uza wiki sita bila deni lolote

Anza na sahani 20, usianze na 45. Kila usiku kabla ya kulala andika mambo manne: mauzo ya taslimu, mauzo ya simu, matumizi, na sahani ngapi zimebaki. Fungua lipa namba ya biashara ili hela ya wateja isichanganyike na ya nyumbani. Kila Jumapili jumlisha.

Wiki sita hizi ndizo zitakazokuwa dhamana yako baadaye. Katibu wa kikundi au afisa mikopo ukimwekea daftari lenye tarehe na miamala ya lipa namba inayolingana nalo, mazungumzo hubadilika kabisa. Mwenye daftari hukopeshwa kabla ya mwenye maneno.

Kosa kubwa la kipindi hiki ni kuwakopesha wateja. Chipsi za mkopo hazina mwisho. Anayekudai heshima ya ujirani mpe sahani ya zawadi siku moja, uiandike kama gharama, na uishie hapo.

Hatua ya 6: Chagua chanzo cha fedha, kwa mpangilio huu

Kwanza, fedha yako. Akiba, kuku wawili uliouza, kibarua cha mwezi. Haina rejesho.

Pili, mchezo. Watu kumi mnachanga 5,000 kila siku tatu, kijumbe anakusanya, mmoja anapokea 50,000. Omba namba ya katikati ili uwe umeshawajua wenzako. Mchezo unafaa kununua kifaa kimoja.

Tatu, ndugu. Semeni wazi ni mkopo au ni msaada, na andikeni. Undugu mwingi umevunjika kwa laki moja ambayo kila mmoja aliielewa kivyake.

Nne, mali kauli. Ukishanunua mafuta kwa mtu yule yule kwa wiki kadhaa bila usumbufu, muombe akuachie dumu ulipe jioni ya kesho. Huu ni mkopo usio na fomu, na kwa maoni yangu ndio bora kuliko yote kwa biashara ya mzunguko wa siku. Ukichelewa mara moja, umekwisha.

Tano, VICOBA au SACCOS, yaani vikundi na vyama vya kuweka na kukopa. Kwenye VICOBA unanunua hisa kila kikao, sanduku lina funguo zinazoshikwa na watu tofauti, na kwa kawaida unakopa hadi mara tatu ya akiba yako. Riba mnayolipa inarudi kwenu mkivunja mzunguko. Jiunge leo hata kama mkopo utauhitaji baada ya miezi sita.

Sita, mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Hutokana na mapato ya ndani ya halmashauri: 4% kwa wanawake, 4% kwa vijana, 2% kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Utaratibu uliingizwa kwenye sheria mwaka 2018, ukasimamishwa Aprili 2023 na kurejea 2024 kwa kanuni mpya. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki kwa jina la kikundi na andiko la mradi. Aanzaye safari hii aanze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Inachukua muda, kwa hiyo usifunge kibanda ukiusubiri. Na usiingie kikundi cha watu msiojuana kwa sababu ya fedha tu. Mmoja akitoroka, deni linabaki kwenu.

Saba, na mwisho, benki au kampuni ya mikopo midogo yenye leseni ya Benki Kuu. Kwa wakopeshaji wasiopokea amana, kanuni za 2019 ziliweka kikomo cha riba cha 3.5% kwa mwezi.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya rejesho la kila siku na riba kubwa, sijaiweka kwenye orodha kwa makusudi. Tazama: unapewa 200,000, unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 30. Umelipa 300,000. Hiyo ni riba ya 50% kwa mwezi mmoja, na kibanda chako kinaacha 10,000 kwa siku zile tu unazofanya kazi. Hakuna chipsi zinazoweza kubeba mzigo huo. Programu za simu zinazokopesha papo hapo nazo zikague: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu inayoomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu yako inajiandaa kukuaibisha kwa watu hao. Ifute.

Hatua ya 7: Pima mkopo kwa wiki ya kawaida

Kanuni ninayoisimamia: rejesho la wiki lisizidi nusu ya kinachobaki kwa wiki. Kwetu kinabaki 60,000, kwa hiyo mwisho ni 30,000.

Jaribu mkopo wa Sh 500,000 kwa 3.5% kwa mwezi, miezi mitatu. Riba ni 17,500 mara tatu, yaani 52,500. Jumla 552,500, ukigawa kwa wiki 12 ni karibu 46,000. Haupiti. Wiki moja ya mvua itakutoa.

Jaribu 300,000. Riba 31,500, jumla 331,500, kwa wiki ni kama 27,600. Unapita.

Kabla ya kusaini uliza ada ya fomu, bima, akiba ya lazima na faini ya kuchelewa, uzijumlishe zote kwenye deni. Uliza pia fedha itakayofika mkononi ni kiasi gani hasa. Mara nyingi unasaini 300,000 na kupokea pungufu. Mkataba ukatae kusaini mpaka uwe na nakala yako.

Hatua ya 8: Mkopo ununue kinachoongeza mauzo

Karai la pili ili foleni isikimbie, mtungi wa gesi kama mkaa unakula faida, viazi kwa gunia kama una pa kuvihifadhi na unavimaliza kabla havijaoza. Hivyo ndivyo vya kukopea. Ada ya shule, simu, mchango wa harusi na kodi ya chumba vitafutiwe fedha nyingine, kwa sababu haviuzi sahani hata moja.

Yanapokwama

Unauza vizuri lakini hela haionekani. Kwa kawaida ni mambo mawili: unachota bila kuandika, au sahani zimekuwa kubwa. Pima kwa bakuli moja kila sahani kwa siku tatu, uhesabu ndoo imetoa sahani ngapi. Zikiwa chini ya 30 kwa ndoo, mkono wako au wa msaidizi ni mzito.

Viazi vimepanda ghafla. Usipandishe bei siku ile ile. Punguza kidogo kipimo, ongeza kachumbari, na uwaambie wateja wa kila siku ukweli. Ikizidi wiki tatu, panda kwa 500, wenzako nao watakuwa wamepanda.

Mtaji umekata. Usikope kufidia. Rudi kwenye sahani 20, uza taslimu tu, simamisha msaidizi kwa muda, na ujenge upya mzigo wa siku tatu.

Rejesho limefika na huna. Nenda ofisini au kikaoni kabla ya siku ya malipo, ukiwa na daftari na chochote mkononi, uombe ratiba mpya. Anayezima simu hupigiwa wadhamini wake. Na kamwe usichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza.

Mgambo wamekuja. Onyesha leseni na risiti ya ushuru. Weka nakala kibandani, halisi nyumbani. Wakichukua vifaa, omba hati ya walivyochukua na jina la ofisi, kisha nenda asubuhi yake kwa afisa biashara.

Wiki sita zimepita na kibanda hakiachi kitu hata baada ya kurekebisha bei na kipimo. Hamisha eneo kabla ya kubadilisha biashara. Kabati, karai na daftari vinahamishika kwa toroli moja, na hudaiwi na mtu.